Kompyuta Inanguruma Lakini Picha Haionekani

Safari hii tumeleta jambo ambalo wengine watasema ni la watu wa mjini. Si hivyo tena. Ukipita leo Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, utaona vibanda vya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kilosa mjini ni vivyo hivyo. Ndani ya kibanda mna kompyuta, na baadhi ya kompyuta hizo hazikununuliwa zikiwa zimefungwa tayari. Kijana amenunua kipande kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe nyumbani. Kompyuta ya namna hii mara nyingi ni rahisi kwa bei, na ikiharibika unabadilisha kipande kimoja tu. Lakini inao ugonjwa wake mkubwa. Unabonyeza swichi, feni inazunguka, taa inawaka, na kioo kinabaki cheusi.

Ugonjwa huo ulitupata sisi. Nusura utugombanishe kabisa.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani chombo hiki hakikuwa cha watu kama sisi. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa baadaye. Leo chombo kile kile kiko juu ya meza ya mninga katika kibanda cha bati, na anayekifuta vumbi ni mama aliyejifunza kusoma ukubwani. Basi na tukijue.

Yaliyotupata

Kikundi chetu kiko Mikumi. Tuko watu 18, wengi ni akina mama, na karibu wote tulipita kwenye kisomo. Tunaweka akiba na kukopeshana. Tulikata shauri kufungua kibanda cha kuchapa barua, maombi ya kazi na mihutasari ya mikutano. Kijana mmoja wa Kilosa, mtoto wa dada yake mwenzetu mmoja, akasema atatuungia kompyuta kwa fedha ile ile tuliyokuwa nayo.

Akaenda Kariakoo, Dar es Salaam, akanunua vipande. Akarudi kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ikipitia Kilosa. Akaiunga nyumbani kwake, akaichomeka kwenye televisheni ya kaka yake kwa majaribio. Ikafanya kazi. Alitupigia simu ya picha, tukaiona kwa macho yetu.

Akaizungushia kanga mbili kuukuu, akaipakia kwenye gari dogo lije nayo Mikumi. Gari lenyewe lilikuwa limechoka, na kila shimo lililirusha. Yeye hakuja, maana alikuwa na palizi. Ilipofika tukaichomeka kwenye kioo cha zamani tulichonunua hapa hapa. Tukabonyeza swichi. Feni ikanguruma. Kioo kikaandika maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba hakipokei kitu, kisha kikawa cheusi.

Tukamwita fundi. Alitazama dakika tano, hakufungua hata skrubu moja. Akasema, "Mazabodi imeungua hiyo. Tafuteni sh. 185,000." Sanduku letu lilikuwa na sh. 240,000, na ndani yake zilikuwamo ada za watoto wa watu. Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliponong'ona kwamba yule kijana ameuza vipande vizuri akatuwekea vibovu. Mnong'ono ukawa maneno, na maneno yakafika Kilosa. Mama yake kijana akaacha kupokea simu zetu.

Mama mweka hazina ndiye aliyeshika sanduku. Alimwuliza fundi kwa upole, "Mwanangu, umejuaje kwamba imeungua?"

"Mama, mambo ya kompyuta ni marefu."

"Mimi muda ninao. Nieleze."

Fundi hakueleza, akaaga. Mama akatuma mtoto dukani kununua daftari la kurasa 40.

Viungo vya mgonjwa

Kabla ya kutafuta ugonjwa ni lazima tuvijue viungo. Ukifungua ubavu wa sanduku la kompyuta utaona ubao mpana uliojaa vitu. Huo mafundi wanauita mazabodi, na kila kitu kimechomekwa juu yake. Chini ya feni iliyo katikati ya ubao imelala prosesa. Hiyo ndiyo inayofanya hesabu zote. Kando yake vimesimama vipande vyembamba kama rula fupi. Hivyo ni ramu, mahali ambapo kompyuta inaweka kazi inayoifanya wakati huo huo. Ukizima, ramu inasahau yote. Diski ndiyo inayotunza barua zako hata umeme ukikatika. Kwenye pembe moja ya sanduku kuna boksi la bati lenye feni yake na nyaya nyingi. Hilo ni pawasaplai. Linapokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12 kushuka chini. Mwisho, katika kompyuta nyingine kuna kadi ya picha. Kazi yake ni kutengeneza picha na kuipeleka kwenye kioo.

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Picha haizaliwi kwenye kioo. Kioo ni kama koki ya bomba la kijiji. Maji yasipotoka, hutang'oa koki siku hiyo hiyo, wala hutafukua bomba lote hadi mlimani. Utauliza kwanza, je, koki imefunguliwa? Jirani anapata? Tangi lina maji? Kompyuta nayo ina bomba lake. Umeme unaingia pawasaplai, unakwenda mazabodi, prosesa inaamka. Prosesa inaitafuta ramu, ikiikosa inasimama hapo hapo. Ikiipata, inaiamsha kadi ya picha. Kadi inapeleka picha kwenye waya, na waya unaifikisha kwenye kioo. Pakikatika mahali pamoja tu, kioo ni cheusi. Kwa hiyo kusema "kioo cheusi" si kutaja ugonjwa. Ni kama kusema "mtoto analia".

Yule fundi alisikia mtoto analia, akaandika dawa ya malaria.

Imekufa au inanguruma?

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuna kompyuta iliyokufa ganzi, haina feni, haina taa, haina sauti. Na kuna inayonguruma bila picha. Ya kwanza ni shauri la umeme. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inawaka. Msicheke, yuko mtu aliyeita fundi kumbe LUKU imekwisha. Nyuma ya sanduku, panapoingia waya mnene wa umeme, kwa kawaida pana swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Watoto wanapenda sana kuichezea. Katika pawasaplai za zamani kuna swichi nyingine yenye namba 115 na 230. Hapa Tanzania iwe 230 siku zote. Ukiiweka 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko mdogo na harufu, na boksi limekwenda.

Kwa kompyuta iliyoungwa nyumbani kuna jambo moja zaidi. Swichi ya mbele ina nyaya mbili nyembamba zinazovishwa kwenye vijiti vidogo vya mazabodi. Zikivishwa pasipo pake, utabonyeza hadi kidole kiote sugu. Kitabu cha mazabodi kinaonyesha mahali pake kwa picha. Usikitupe kitabu hicho hata kama ni cha Kiingereza.

Yetu ilikuwa ya namna ya pili. Binti yake mama mweka hazina, aliye kidato cha tatu, akatufundisha kipimo ambacho hatukukijua. Kwenye kibodi, upande wa kulia juu ya tarakimu, kuna kitufe kilichoandikwa Num Lock. Kibodi nyingi zina taa ndogo ya kitufe hicho. Kompyuta ikiwa imeamka kweli kweli, ukibonyeza taa inawaka, ukibonyeza tena inazimika. Ikiwa taa haikujali, yaelekea kompyuta imekwama njiani, haijaamka. Bila kutazama kioo hata kidogo unaweza kukisia ugonjwa uko upande gani.

Mama akaandika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa za kisomo: "Feni inazunguka. Taa ya mbele inawaka. Picha hakuna. Taa ya kibodi haibadiliki."

Kioo na waya wake

Tulianzia kwenye koki. Kioo kina umeme wake peke yake, hivyo kinaweza kuwa kizima huku kompyuta ni mbovu, au kinyume chake. Kikiwashwa na kuandika chochote, hata malalamiko, basi kioo chenyewe kina uhai. Taa yake ikigeuka rangi ya machungwa au ikipepesa, kwa kawaida maana yake kinasubiri picha isiyokuja. Ukiwa na mashaka, kichomeke kwenye kompyuta nyingine. Tuliazima ya kibanda jirani kwa dakika kumi, na kioo chetu kikaonyesha vizuri. Hapo tuliokoa fedha ya kioo kipya.

Kisha waya. Waya wa zamani una kichwa, mara nyingi cha buluu, chenye vijiti 15 na skrubu mbili za kukaza. Kijiti kimoja kikipinda, rangi zinaharibika au picha inapotea. Waya wa kisasa una kichwa chembamba bapa, ule ule wa televisheni. Tumia waya mmoja unaojua kwamba ni mzima.

Baada ya hapo yakaja matundu, na hapa ndipo tulipopotea njia. Nyuma ya sanduku letu kulikuwa na mahali pawili pa kuchomeka kioo. Tundu moja lilikuwa juu, karibu na matundu ya kibodi. Hilo ni la mazabodi. Lingine lilikuwa chini, kwenye bati lililolala upande. Hilo ni la kadi ya picha. Sisi tulikuwa tumechomeka juu, kwa sababu ndipo macho yalipofikia kwanza. Katibu wetu akauhamishia chini, akawasha. Cheusi. Akasema, "Siyo tundu," akaurudisha juu. Mama akaandika: "Waya tundu la chini: picha hakuna. Umerudishwa juu."

Katibu hakufanya kosa kujaribu. Kosa tutaliona mbele.

Kufungua sanduku

Siku ya pili tulifungua. Kwanza tulizima, tukachomoa waya wa umeme ukutani, kisha tukabonyeza swichi ya mbele na kuishikilia kama sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani utoke. Tulilaza sanduku juu ya meza kavu, si juu ya zulia wala blanketi. Kila mwenye kutia mkono aligusa kwanza bati la sanduku. Mwili wa mtu unaweza kubeba umeme kidogo, hasa wakati wa kiangazi, ule unaosikika ukivua sweta ya nailoni. Wewe huuoni kuwa kitu, lakini unaweza kuua ramu.

Na jambo moja tunalisema kwa sauti: boksi la pawasaplai lisifunguliwe. Hata baada ya kuchomolewa ukutani, ndani yake mna vyombo vinavyoweza kushika umeme wa kumdhuru mtu, pengine kumuua. Likishukiwa, hubadilishwa lote zima kwa lingine.

Ndani tulikuta vumbi la Mikumi, jekundu, ingawa chombo kilikuwa kipya. Tulilipangusa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Ukikuta mjusi mkavu, nyumba ya nyigu au mavi ya mende juu ya ubao, usishangae. Yaondoe pole pole bila maji.

Kisha tukatazama nyaya za umeme zitokazo pawasaplai. Mnene kuliko yote una matundu 24, nao unachomekwa pembeni mwa mazabodi. Lakini upo mwingine mdogo, wa matundu manne au manane, unaochomekwa karibu na prosesa. Huo ndio unaosahauliwa sana na wanaounga kompyuta kwa mara ya kwanza. Ukiusahau, feni zaweza kuzunguka kama kawaida na picha isije kamwe, maana prosesa imenyimwa chakula. Kadi za picha zenye nguvu nazo zina waya wao wa umeme, wa matundu sita au manane. Yetu ilikuwa ndogo, haikuhitaji. Waya wa prosesa ulikuwa mahali pake. Kijana alikuwa ameunga kwa uangalifu, kila waya umefungwa kwa kamba ndogo, na mwenzetu yule aliyenong'ona aliyaona hayo pia. Hakusema kitu.

Ramu

Mazabodi yetu ilikuwa na mifereji miwili ya ramu na kipande kimoja. Tulipokitazama kwa tochi ya simu, ncha moja ilikuwa imeinuka kidogo, kama unene wa ukucha. Kibanio cha upande huo kilikuwa wazi. Yale mashimo ya njiani!

Ramu hutolewa kwa kufungua vibanio vyake, kisha kuivuta wima kwa vidole viwili. Upande wa chini una meno mengi ya rangi ya dhahabu. Usiyaguse. Yakiwa na uchafu, yasugue kidogo kwa ufutio safi wa penseli, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi zinazotoka. Kati ya meno kuna pengo moja ambalo haliko katikati barabara, nalo lazima lilingane na kijiti kilicho ndani ya mfereji. Lisipolingana usitumie nguvu, geuza kipande. Likilingana, bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba hadi usikie "ta!" na vibanio vijifunge vyenyewe. Inataka nguvu kuliko unavyodhani. Wengi huogopa, wakaiacha nusu njia.

Ikiwa mna vipande viwili vya ramu, jaribuni kimoja kimoja. Kimoja kikiwa kibovu, kizima peke yake kitaamsha kompyuta. Na mazabodi yenye mifereji minne ina mfereji unaopendelewa kwa kipande kimoja, mara nyingi wa pili kutoka kwenye prosesa. Kitabu kinasema.

Tuliwasha. Feni. Kioo cheusi. Watu walishusha pumzi, na katibu akasema, "Basi, fundi alisema kweli. Imeungua." Wawili wakaanza kuhesabu fedha.

Lakini binti alibonyeza kile kitufe cha kibodi. Taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika. Mama akaandika: "Ramu imekazwa. Picha hakuna. Taa ya kibodi INABADILIKA."

Kilichoonekana daftarini

Jioni ile mama mweka hazina alikaa kibarazani akasoma daftari lake toka mwanzo, kwa kidole, neno kwa neno. Sisi tuliokuwapo tulidhani anahesabu madeni. Akasema, "Hapa ukurasa wa kwanza taa haibadiliki. Hapa ukurasa wa tatu inabadilika. Sasa imeamka huyu. Amelala wapi tena?" Akarudi nyuma ukurasa mmoja. "Tundu la chini tulilijaribu lini? Kabla ya ramu. Baada ya ramu hatukulijaribu."

Asubuhi tuliuhamishia waya chini, kwenye kadi ya picha. Picha ikaja.

Ndugu wasomaji, yalikuwa magonjwa mawili katika mwili mmoja. Ramu ilikuwa imelegea, na waya ulikuwa kwenye tundu lisilo lake. Katibu alipoponya la pili, la kwanza lilimficha. Tulipoponya la kwanza, la pili lilikuwa limesharudishwa. Kwa kichwa peke yake tungeweza kuzunguka mwezi mzima, kila mtu akiapa kwamba "hilo nimeshajaribu".

Na kwa nini tundu la juu lilikataa? Kadi ya picha ikishachomekwa, mara nyingi matundu ya mazabodi hunyamaza. Lakini kwa yetu kulikuwa na sababu kubwa zaidi, nayo ilikuwa imeandikwa kwenye kikaratasi cha boksi la prosesa. Zipo prosesa zinazoweza kutengeneza picha zenyewe, na zipo zisizoweza. Za kampuni ya Intel, jina likiishia na herufi F, mathalani i3-10100F, haziwezi. Ukiwa na prosesa hiyo, tundu la picha la mazabodi halifanyi kazi hata ungesali, na bila kadi ya picha hutaona kitu. Wapo walionunua prosesa ya F kwa kuwa bei yake iko chini, wakasahau kadi, wakairudisha dukani wakigombana na mwenye duka. Herufi moja tu. Kule Kilosa kijana alichomeka televisheni kwenye kadi, ndiyo maana aliiona picha.

Ikiwa yenu bado ni nyeusi

Yetu iliishia hapo. Yenu inaweza kuendelea, basi tuseme na mengine.

Juu ya mazabodi kuna betri ya duara kama kitufe cha koti, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Inatunza saa na maagizo ya kuamkia. Mara nyingine maagizo hayo huvurugika, na kompyuta ikashindwa kutoa picha. Chomoa umeme, itoe betri, subiri dakika tano au zaidi, irudishe kama ilivyokuwa, uwashe. Mara ya kwanza inaweza kuchelewa kidogo. Betri ikiwa imekwisha, dalili yake ni saa inayorudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika. Bei yake si kitu.

Baadhi ya mazabodi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki inawaka inaonyesha mahali prosesa ilipokwama: kwenye prosesa yenyewe, kwenye ramu, kwenye picha, au kwenye diski. Nyingine hulia kwa kispika kidogo. Idadi ya milio ina maana yake, lakini si moja kwa watengenezaji wote. Usitumie maana ya kompyuta ya jirani.

Kwa kompyuta mpya iliyoungwa nyumbani, tazama pia kama mazabodi imekaa juu ya miguu midogo ya skrubu. Bila miguu hiyo, upande wa chini wa ubao unagusa bati la sanduku, na umeme unapita njia ya mkato. Njia nzuri ya kupima ni kuutoa ubao nje, kuulaza juu ya boksi la karatasi gumu, na kubakiza prosesa na feni yake, ramu moja, pawasaplai, na kadi ikiwa ni lazima. Diski na vingine vyote viondoke. Picha ikija hapo, rudisha kitu kimoja, washa. Rudisha kingine, washa. Kila mara zima na uchomoe umeme kwanza. Na andika.

Baada ya yote hayo ndipo mtu anaweza kusema mazabodi au prosesa imekufa, na hata hapo ni vizuri ajaribu pawasaplai nyingine kwanza. Fundi wa kweli hukasiriki ukimwuliza amejuaje. Atachukua ramu iliyo nzima mkononi, akuonyeshe.

Watu wa Kilosa wanajua neno moja zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukahamisha maelfu ya watu na kubomoa reli. Maji ya namna hiyo hayachagui radio wala kompyuta. Chombo kilicholowa kisiwashwe "kuona kama kinafanya kazi". Umeme ukipita kwenye tope lililolowa ndipo kinapoungua. Kwanza hakikisha umeme wa nyumba umezimwa, kisha toa betri, tenganisha vipande, safisha tope, anika kivulini penye upepo siku kadhaa. Diski yenye kumbukumbu za kijiji usiiwashe, mpelekee fundi ikiwa bado haijaguswa.

Tulivyomaliza na kijana

Fedha yote ilibaki sandukuni. Lililobaki lilikuwa zito kuliko fedha. Mwenyekiti alimpigia simu mama yake kijana siku tatu, haikupokewa. Siku ya nne alipanda gari yeye na yule mwenzetu aliyenong'ona, wakaenda Kilosa. Walikaa ukumbini, wakapewa maji, hawakupewa chai. Mwenzetu akasema mwenyewe, "Dada, mimi ndiye niliyemsema mtoto. Nimekosa." Akatoa daftari, maana tulikuwa tumempa alibebe.

Kijana alilisoma lote. Alipofika kwenye ramu akatikisa kichwa, akasema, "Ningekuja nayo mwenyewe, shangazi, ningeishika mapajani." Kisha akaomba kalamu, akaongeza mstari chini: "Ukisafirisha, toa kadi na ramu, funga mbali."

Chai ikaja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kompyuta ya jirani inanguruma, taa ya kibodi inawaka na kuzimika, lakini kioo ni cheusi. Je, mtaanzia kwenye ramu au kwenye waya wa kioo? Kwa nini?

Katibu alijaribu tundu lililo sahihi siku ya kwanza, akaliacha. Angeandika nini ili asidanganyike?

Fundi akiwaambia kwamba kipande kimeungua, mtamwomba awaonyeshe nini kabla ya kufungua sanduku la fedha?